RAMANI YA KALE NA KIWANJA CHAKO

Je, ndugu msomaji, umepata kuiona ramani ya mji unaokaa? Aghalabu mtu huitafuta siku ile anapoambiwa kuwa nyumba yake imo ndani ya hifadhi ya barabara. Siku hiyo matofali yamekwisha kupanda, na akiba ya miaka mingi imo ukutani.

Leo tuwatazame jamaa zetu wa Bariadi. Mkoa wao umechukua jina la Mto Simiyu, na mto huo una kisa chake katika ramani. Mwaka 1856 wamisionari Erhardt na Rebmann walitoa ramani iliyoonyesha bara letu likiwa na bahari moja kubwa mno, yenye umbo la konokono. Hawakuwa wameiona, walisimuliwa na watu wa misafara, wakayaunganisha maziwa yote kuwa moja. Mwaka 1858 Speke alifika kusini ya ziwa tuliitalo leo Viktoria, na mwaka 1875 Stanley akalizunguka kwa mashua. Stanley aliuhesabu Mto Simiyu kuwa ndio mwanzo wa Nile wa kusini kabisa. Baadaye ilibainika kuwa chimbuko la mbali zaidi limo katika matawi ya Mto Kagera. Wasukuma waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao Simiyu hawakungoja ramani ili wajue maji yale yanaelekea wapi.

Hapo tunajifunza kwamba ramani huonyesha yale aliyoyajua na kuyataka mchoraji. Mkoloni alitaka pamba na njia ya kuisafirishia. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ilipita Malampaka, upande wa Maswa. Bariadi ikabaki kando, ikitegemea barabara.

Mambo yaligeuka Machi 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa na Bariadi ikawa makao makuu yake. Miaka 200 kabla yake, mwaka 1812, jambo kama hilo liliufika mji mdogo wa Helsinki huko Finland. Moto ulikuwa umeuteketeza sehemu kubwa mwaka 1808. Kisha Mfalme wa Urusi, aliyeitawala nchi hiyo, akaufanya kuwa mji mkuu. Ehrenström alipewa kazi ya kuupanga. Alichora mitaa mipana iliyonyooka na viwanja vya wazi, kabla majumba makubwa hayajajengwa. Hata leo mtu akiishika ramani ile ya kale anaweza kuitambua mitaa ya katikati ya mji.

Bariadi haina haja ya kuiga majumba ya Ulaya. La kuiga ni ule utaratibu wa kutanguliza mchoro, nyumba zikafuata. Mji unapopewa cheo, watu humiminika, na bei ya ardhi hupanda. Pasipo mpango, mahali pa shule hugeuka maduka, mfereji wa maji ya mvua hugeuka msingi wa nyumba, na gari la zimamoto hukosa pa kupita. Atakayeumia kwanza ni mfanyakazi wa mshahara mdogo, aliyeuziwa shamba la mtu kwa maneno matupu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulizie mchoro wa mipango miji. Uliza kama eneo limepimwa, na kama limetengwa kwa makazi au kwa kazi nyingine. Kisha nenda ukayaone mawe ya mpaka kwa macho yako, majirani wakiwapo. Muuzaji akikuharakisha, hapo ndipo pa kusitasita. Nanyi baba na mama, hati iandikwe majina yenu wote wawili. Sheria inaruhusu, nao watoto watapata kinga.

Tusiwasahau wazee. Wao wanajua kijito kilipopita kabla hakijafukiwa, njia ya ng'ombe ilipokuwa, na makaburi yalipo. Yasipoandikwa sasa, mpima ardhi atakuta uwanja mtupu na kuchora mtaa juu ya makaburi. Mkutano wa mtaa ukiitishwa kujadili mchoro, tafadhali nenda, na umchukue mzee mmoja pamoja nawe.