Kabati la Jikoni Lisiloanguka

Wengi wetu mijini tunaishi katika nyumba za kupanga, ambamo jiko ni chumba cha hatua tatu kwa mbili, au ni pembe tu ya ukumbi. Sakafuni pamejaa ndoo, sufuria na gunia la mkaa. Nafasi iliyobaki ni ukutani, na ndiyo maana kabati la kuning'inia hutamaniwa na kila familia. Siku linapoporomoka na sahani zake, lawama humwendea seremala.

Mara nyingi seremala hana kosa. Kabati lilikuwa zima. Kilichong'oka ni misumari. Ukuta wa matofali ya saruji hupigwa lipu yenye unene wa karibu sentimita 1.5, na lipu peke yake haiwezi kushika msumari uliobebeshwa mzigo. Hebu tufanye hesabu: unga kilo 10, mchele kilo 5, sukari kilo 2 na mafuta ya kupikia lita 3, tayari ni karibu kilo 20. Ongeza vyombo, na kabati lenyewe, ambalo hata likiwa la msonobari laweza kuzidi kilo 10. Na chini yake pengine ameketi mtoto.

Kwa mpangaji, njia iliyo bora ni ya mbao pacha. Chukua ubao wa inchi 1 kwa 4, mfupi kidogo kuliko upana wa kabati, uupasue kwa urefu wake, msumeno ukiwa umelazwa kwa nyuzi 45. Nusu ya kwanza ikazwe ukutani, ncha yake kali ikitazama juu na ikiwa mbali na ukuta, hata pawe na mfereji mwembamba nyuma yake. Nusu ya pili ikazwe nyuma ya kabati karibu na juu, ncha ikitazama chini. Kabati hupachikwa kwa kuinuliwa na kushushwa katika mfereji huo, na uzito wake wenyewe hulivutia ukutani. Chini, nyuma ya kabati, weka kipande cha unene uleule ili lisiinamie ukuta.

Kwa ubao wa sentimita 90, toboa matundu manne kwa keekee ya kutobolea saruji, utie plagi za plastiki, kisha skurubu za inchi 3, ili zipite ubao na lipu na kuingia ndani ya tofali. Keekee ikizama ghafla, umefikia uwazi wa tofali. Sogeza tundu kando. Ukitoka udongo badala ya vumbi la kijivu, acha kabisa: ukuta huo haufai, na kabati lisimame sakafuni. Kamwe usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, kwani nyaya hupita humo. Wala usilitundike juu ya jiko la mkaa au la gesi, hata kama hapo ndipo panapopendeza.

Kabla ya kupanga vyombo, lipakie mawe au ndoo za maji zenye uzito unaozidi ule uliokusudiwa, uliache usiku kucha, watoto wakiwa mbali.

Siku ya kuhama, kabati huinuliwa na kuondoka nawe, na ubao wake hufunguliwa kwa bisibisi. Matundu manne yanayobaki huzibwa kwa saruji kidogo na kupakwa chokaa kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba ufunguo wake.