Unene wa Waya na Amani ya Nyumba

Tunapojenga nyumba au kuikarabati, macho yetu hukimbilia vigae, rangi na mapazia. Waya wa umeme hufunikwa kwa plasta ukasahauliwa. Juma hili tunawaomba akina mama, wanaokijua kila kifaa kinachotumika nyumbani, wautazame pia uliofichwa ukutani.

Umeme mwingi ukipita katika waya mwembamba hugeuka joto. Joto hilo huilainisha plastiki inayoufunika waya, na moto unaweza kuanzia mahali pasipofikiwa na mkono.

Hesabu yake si ngumu. Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Zigawanye kwa 240, ambazo ndizo volti za umeme wa nchini mwetu, upate ampea. Pasi ya wati 2,400 huvuta ampea 10. Shawa ya kupasha maji ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23, muda wote mtu anapooga.

Kwa kawaida taa huwekewa waya wa milimita mraba 1.5, na soketi 2.5. Shawa na jiko la umeme, kila kimoja hustahiki njia yake pekee kutoka kwenye boksi la breka, aghalabu kwa waya wa 6 au mnene zaidi, kulingana na nguvu ya kifaa na urefu wa njia. Tena kwetu pwani ni joto, na nyaya zikisongamana katika paipu moja uwezo wake hupungua. Fundi mjuzi huyapima yote hayo kabla ya kununua waya.

Lililo muhimu kuliko yote ni hili: breka iko pale kuulinda waya. Ikikatika kila shawa inapowashwa, wengi huishuku kuwa mbovu, na fundi asiyejali huweka kubwa zaidi. Tuseme njia ya shawa ina waya wa 2.5 na breka ya ampea 20, kisha ikatiwa ya 40. Kukatika kutakoma, nyumba itatulia, na waya utaendelea kuungua polepole bila wa kuuzuia. Dawa ni kubadilisha waya kwanza, kisha breka inayolingana nao.

Basi kabla ya kazi kuanza, muulizeni fundi leseni yake ya EPRA, unene wa waya wa kila njia na ampea za breka yake. Na waya wenyewe uwe na alama ya KEBS. Mpangaji naye akihisi soketi ina moto au harufu ya plastiki inayoungua, azime meni swichi na amwarifu mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Gharama ya waya mnene hulipwa mara moja, na watoto wakalala salama miaka mingi.