Kompresa ya Nyumbani: Tuulize Lita, Tuache Hospawa

Zamani kompresa ilikuwa mali ya gereji na ya fundi pancha. Siku hizi imejaa madukani kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuimudu akijibana, na mara nyingi huuzwa pamoja na kasha la vifaa vyake: bunduki ya rangi, mashine ya msasa, spana ya upepo ya kufungulia nati, drili na kichwa cha kujazia matairi. Muuzaji hutaja mambo mawili, hospawa za mota na ukubwa wa mtungi, naye mnunuzi huondoka akiamini amepata karakana nzima kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo fedha za nyumbani zinapopotea. Kompresa ni ununuzi wa busara kwa kazi ambazo upepo wenyewe ndio mtendaji, kama kujaza tairi au kutawanya rangi. Kwa kazi ambazo upepo unatumwa tu kwenda kuzungusha kitu, kama kukata, kutoboa na kupiga msasa, kaya nyingi zingefaidika zaidi na kifaa cha umeme.

Sababu ya kwanza ni hasara ya nguvu. Hewa ikibanwa hupata joto, ndiyo maana kichwa cha pampu huweza kumuunguza anayekigusa baada ya dakika chache za kazi. Joto hilo limetokana na umeme uliolipiwa, nalo hupotea bure kabla upepo haujafika kwenye kifaa. Juu yake kuna msuguano wa pistoni, uvujaji kwenye maungio ya mpira, na hewa inayotoka kifaani ikiwa bado na nguvu ambayo haikutumika. Hesabu inayokubalika viwandani ni kwamba mota ya upepo inayotoa kazi ya hospawa 1 hudai hospawa 7 hadi 8 za umeme upande wa kompresa. Grenda inayochomekwa ukutani haipiti mzunguko huo mrefu: umeme huzungusha mota, mota huzungusha diski, basi. Kiwanda kinaweza kuwa na sababu ya kuivumilia hasara hiyo. Mtu anayetengeneza kabati la jikoni mwishoni mwa juma hana.

Sababu ya pili ni wingi wa upepo, na hapa lebo hupotosha. Psi hueleza upepo unasukuma kwa nguvu kiasi gani, lakini haisemi upepo huo ni mwingi kiasi gani. Kompresa ndogo ya hospawa 2 yenye mtungi wa lita 50 huandikwa kwamba inashughulikia kama lita 200 za hewa kwa dakika. Hizo ni lita zinazovutwa na pistoni. Zinazotoka zikiwa zimebanwa hupungua kwa theluthi au zaidi, kwa hiyo tuchukue 120. Mashine ya msasa ya upepo hutumia lita 300 au zaidi kwa dakika bila kupumzika. Mtungi wa lita 50 ukishuka kutoka psi 120 hadi 90, ambacho ndicho kiwango vifaa vingi vinachohitaji, hutoa takriban lita 100 za hewa ya kawaida. Pengo la lita 180 kwa dakika humaliza akiba hiyo katika muda wa kama nusu dakika. Baada ya hapo msasa huanza kulegea, na fundi husimama karibu dakika nzima akisubiri mtungi ujae, huku mota ikiunguruma mfululizo. Mota nyingi za aina hii zimeundwa kupumzika karibu nusu ya muda wa kazi, hivyo atakayeilazimisha ataifupishia maisha.

Mtu anaweza kusema dawa ni kununua mtungi mkubwa zaidi. Hesabu ile ile inamjibu. Mtungi wa lita 100 utampa dakika moja badala ya nusu, kisha utamsubirisha mara mbili zaidi, kwa sababu mtungi ni akiba tu na anayeijaza ni pampu. Mwingine atasema basi aongeze hospawa. Hapo anakutana na ukuta wa nyumba yake. Plagi tunazotumia Afrika Mashariki zina kikomo cha ampea 13, na kwa umeme wa volti 230 hiyo ni karibu wati 2,990. Hospawa 1 ni wati 746 za kazi, na mota daima hula zaidi ya inachotoa. Kwa hiyo hospawa 3 ndiyo karibu mwisho wa soketi ya kawaida. Kompresa inayojitangaza kuwa na hospawa 5 na bado imefungwa plagi hiyo haiwezi kuzitoa hospawa hizo mfululizo, hata lebo iandikwe kwa dhahabu. Mwinuko nao una hesabu yake: Nairobi, kwenye mita 1,700 na zaidi, hewa ni nyepesi kiasi kwamba pampu ile ile huvuta karibu sehemu moja kati ya sita pungufu ya inachovuta Mombasa.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka gereji. Kama vifaa vya upepo ni hasara, mbona mafundi wa magari wanavitumia kutwa nzima? Wana haki kabisa. Gereji ina kompresa kubwa, mara nyingi ya umeme wa njia tatu, inayohudumia mafundi kadhaa kwa wakati mmoja, na gharama yake hugawanywa katika mamia ya magari. Kifaa cha upepo ni chepesi mkononi, hakina mota ya umeme ya kuungua, na kikizidiwa na nati iliyoganda husimama tu bila kuharibika. Kwa anayefungua nati mia kwa siku, sifa hizo zinalipa hasara ya umeme. Anayefungua nati nne kila tairi linapopasuka anahitaji spana ya msalaba. Pingamizi jingine ni bei: kifaa cha upepo chenyewe ni rahisi, ilhali vifaa vya betri ni ghali na betri huchoka. Hilo ni kweli, lakini bei ya kifaa cha upepo haijakamilika mpaka ujumlishe kompresa inayoweza kukilisha. Tena chaguo si betri peke yake. Drili, grenda na msasa vya waya vipo, ni vya bei ya wastani, na umeme ukikatika vitazimika sawa na kompresa, isipokuwa kompresa itabaki na upepo kidogo mtungini.

Ziko kazi ambazo kompresa ndogo haina mpinzani. Tairi la gari dogo hadi psi 32 hula lita zisizofika mia moja, na hakuna anayejali pampu ikichukua dakika moja zaidi. Bunduki ya misumari midogo hutumia kama lita moja au mbili kwa kila msumari, kwa hiyo akiba ile ya lita 100 inatosha misumari zaidi ya 50 kabla mota haijaamka. Kupuliza vumbi kwenye redieta au kwenye mbao iliyokwisha kupigwa msasa ni kazi yake pia, mradi nguvu ipunguzwe, kwani kanuni za usalama kazini za Marekani huweka kikomo cha psi 30 kwa kusafishia, na upepo usielekezwe mwilini kamwe. Kupaka rangi geti, viti au milango ndiyo kazi inayostahili zaidi, lakini bunduki ndiyo ichaguliwe kwanza. Ziko zinazohitaji lita 280 hadi 400 kwa dakika, na ziko zilizoundwa kwa upepo kidogo, kuanzia kama lita 110. Anayenunua ya kwanza kwa kompresa ya hospawa 2 atapata rangi yenye matone na mistari, kisha atailaumu rangi.

Pwani yetu inaongeza gharama ambayo haiandikwi kwenye lebo yoyote, nayo ni maji. Hewa ya Dar es Salaam au Tanga yenye joto la nyuzi 30 na unyevu mwingi hubeba zaidi ya gramu 20 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Ikibanwa kisha ikapoa, sehemu kubwa ya maji hayo hubaki mtungini. Kwa kompresa ya lita 120 kwa dakika, saa moja ya kazi mfululizo huweza kuacha kiasi cha kama robo tatu ya glasi. Maji hayo yasipofunguliwa chini ya mtungi kila baada ya kazi, hutafuna chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na mtungi uliolika ukiwa na psi 120 ni hatari kwa kila aliye karibu. Kwa mpaka rangi, maji hayo hayo hutoka na rangi na kuacha madoa, kwa hiyo chujio la maji lihesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo. Valvu ya usalama nayo isizibwe kwa sababu yoyote. Na kama kazi iko mbali na soketi, urefushwe mpira wa upepo, wala si waya: mota inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, na waya mwembamba mrefu huinyima volti mpaka ikaungua.

Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la kompresa ni fupi. Mnunuzi aandike kazi anazotarajia kufanya kweli katika mwaka ujao, aondoe zile za kuzungusha, kisha atazame lita kwa dakika za kifaa kimoja chenye njaa kuliko vyote vilivyobaki. Kompresa itoe lita hizo na nyongeza ya kama theluthi. Dukani aulize lita zinazotoka, na muuzaji akishindwa kujibu, achukue zile za kwenye lebo na azipunguze theluthi yeye mwenyewe. Wengi watakaofanya hesabu hii watagundua kwamba wanahitaji mashine ndogo kuliko waliyokuwa wameiwazia, pamoja na grenda na drili za umeme. Baadhi watagundua kwamba kazi yao ni geti moja tu, na kwa geti moja kumlipa fundi rangi mwenye kompresa yake ni nafuu kuliko kuwa na mtungi unaooza stoo.