Hisani ya Mashine Ng'ambo

Zamani mfanya biashara wetu aliyekwenda ng'ambo kununua mali alisafiri na fedha zake kiunoni, naye hakupata usingizi mpaka amezimaliza. Siku hizi huchukua kadi ya benki. Hayo ni maendeleo, wala hatuyapingi. Lakini kila njia mpya ina watoza ushuru wake, na watoza ushuru wa njia hii hawasimami barabarani. Wamejificha ndani ya mashine ndogo iliyo juu ya meza ya duka, nayo humwuliza mteja kwa adabu nyingi: Je, wapenda kulipa kwa fedha ya nchi hii, au kwa fedha ya kwenu?

Swali hilo laonekana kuwa ni hisani. Mgeni hufurahi kuona hesabu yake imeandikwa kwa fedha anayoifahamu, hubonyeza jibu la pili, akaenda zake. Sisi twasema hisani hiyo inauzwa, tena kwa bei ghali, na wengi wanaoinunua hawajui kuwa wamenunua kitu.

Yafaa kwanza tueleze jinsi kazi hii inavyokwenda. Mtu akilipa kwa fedha ya nchi aliyomo, malipo hupitia kwenye kampuni ya kadi, kama vile Visa au Mastercard. Mara nyingi kampuni hiyo ndiyo inayobadilisha fedha, kwa bei yake ya siku, kisha benki ya mwenye kadi huongeza ada yake. Lakini akikubali kulipa kwa fedha ya kwao, kazi ya kubadilisha hufanyika palepale dukani, na bei hupangwa na wale wenye kuiendesha mashine pamoja na washirika wao. Wao huongeza faida yao juu ya bei ya soko, na mara nyingi mwenye duka naye hupewa fungu lake. Ndiyo maana karani hushawishika kumbonyezea mgeni jibu hata kabla hajamwuliza.

Tuchukue mfano wa Dubai, mahali ambapo wananchi wengi huenda kununua nguo, vyombo vya umeme na vipuri vya magari. Tangu mwaka 1997 thamani ya dirhamu imefungwa kwenye dola ya Marekani: dola moja ni dirhamu 3.6725. Bei hiyo haipandi wala haishuki, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kalamu aweza kuipima hisani ya mashine. Tuseme mama mmoja ana kadi ya akaunti ya dola, na amenunua mali ya dirhamu 36,725. Kwa bei iliyowekwa, mali hiyo ni dola 10,000 kamili. Mashine ikamwambia: Lipa kwa dola, kila dola kwa dirhamu 3.55. Kwa macho tofauti ni senti tu. Lakini fanya hesabu: atatozwa dola 10,345. Dola 345 zimekwenda kwa kubonyeza mara moja. Hiyo ni nauli ya mtu, au ni faida aliyotazamia kwa miezi kadhaa.

Wala asidhani kuwa kwa kulipa kwa dola ameikwepa ada ya benki yake. Yako mabenki yanayotoza ada kwa kila malipo yaliyofanyika nchi za nje, hata kama fedha imekwisha kubadilishwa dukani. Hapo mama huyu atalipa mara mbili. Na mwenye kadi ya shilingi akikubali kutozwa kwa dola, basi fedha yake itabadilishwa mara mbili: dukani kutoka dirhamu kwenda dola, na benki kutoka dola kwenda shilingi. Kila mlango una bawabu, na kila bawabu anataka chake.

Pengine msomaji atauliza: Je, makampuni ya kadi ndiyo rafiki wa mnyonge? La, hasha. Mwaka 2006 Visa, Mastercard na mabenki kadhaa makubwa ya Marekani yalikubali kutoa dola milioni 336 ili kuimaliza kesi ya wenye kadi, waliodai kwamba ada za kubadilisha fedha zilipangwa kwa kula njama, tena zikafichwa. Makampuni hayo hayakukiri kosa, lakini fedha yaliitoa. Huko Australia, mwaka 2015, mahakama iliitoza Visa faini ya dola milioni 18 za nchi hiyo, kwa sababu mwaka 2010 iliizuia huduma hii ya kubadilisha fedha dukani isienee. Visa nayo hupata mapato yake pale inapobadilisha fedha yenyewe. Hiyo ilikuwa vita ya matajiri wawili wakigombea mfuko wa msafiri. Wahenga walisema, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi.

Kwa hiyo hatuwaambii wananchi wamchague tajiri mmoja kwa mapenzi. Twawaambia wapime. Na wakipima, mara nyingi sana wataona kwamba kulipa kwa fedha ya nchi waliyomo ndiko kwenye hasara ndogo. Liko jambo moja tu la kuangalia: benki yenye ada kubwa kupita kiasi, inayotozwa pale tu fedha inapobadilishwa, yaweza kuipita hata mashine kwa ughali. Basi kabla ya kupanda ndege, mtu aende benki yake aulize swali moja: nikilipa nchi za nje, mwatoza ngapi kwa mia? Asikubali kuondoka na tabasamu. Aondoke na hesabu.

Akiwa safarini, ashike mambo machache. Dukani, aseme mapema kwamba atalipa kwa fedha ya nchi hiyo, na aisome mashine kabla ya kutia namba yake ya siri. Kanuni za Visa na Mastercard zenyewe zinataka mteja apewe nafasi ya kuchagua. Karani akimchagulia, amwambie aifute hesabu na kuanza upya. Kwenye mashine ya kutolea fedha swali hilo huja kwa maneno ya kutisha kidogo, kana kwamba ukikataa hutapewa kitu. Mtu akatae kubadilishiwa, na kwa kawaida fedha atapewa vilevile. Na kwa kuwa ada nyingi za mashine hizo hutozwa kwa kila safari, ni afadhali kutoa kiasi cha kutosha mara moja kuliko kutoa kidogo kidogo. Kadi ya mkopo isitumiwe kutolea fedha taslimu ila kwa dharura, maana mara nyingi riba yake huanza kuhesabiwa siku ile ile. Mwisho, stakabadhi zitunzwe, kwa kuwa bila ya karatasi hakuna madai.

Lakini haitoshi kumfundisha msafiri peke yake. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2019, na tangu Aprili mwaka 2020, kwa malipo ya kadi baina ya sarafu za nchi zake, mteja hana budi kuonyeshwa gharama yote ya kubadilisha fedha kwa hesabu ya kwa mia, ikilinganishwa na bei inayotangazwa na Benki Kuu ya Ulaya. Hawakuipiga marufuku faida. Walichofanya ni kuitoa gizani. Nasi hapa Benki Kuu hutangaza bei za fedha za kigeni. Linalotakiwa ni kila benki iandike wazi, kwa Kiswahili, kwenye karatasi anayopewa mwenye kadi: ada yetu ni kadha kwa mia juu ya bei fulani. Benki isiyo na la kuficha haitaona uzito kufanya hivyo.

Vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika na matawi ya Chama navyo vina kazi. Wanaosafiri leo si matajiri peke yao. Wamo wanafunzi, wamo wagonjwa wanaopelekwa India kwa fedha zilizochangwa na ukoo mzima, wamo kina mama waliotumwa na kikundi kununua mali ya watu ishirini. Fedha inayopotea kwenye mashine si ya mtu mmoja. Ni ya wote waliochanga.

Mkulima hampi mnunuzi pamba yake kabla ya kuutazama mzani. Kadi nayo ina mzani wake. Tuutazame kwanza, ndipo tubonyeze.