Hesabu ya Nyumbani: Asili Moja kwa Wote

Juma hili twarudi kwenye sehemu, kwa maana hesabu hii haikai ubaoni tu. Vita vimeacha wajane wengi katika Masisi na Walikale, na mara nyingi mjane hupunjwa kwa sababu hakuna aliyehesabu mbele ya wote.

Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, yasema kwamba watoto wa marehemu, wavulana na wasichana, hupata 3/4 ya urithi na kugawana sawasawa. Robo inayobaki yaenda kwa watu wa namna tatu: mjane 1/12, wazazi wa marehemu 1/12, ndugu zake 1/12. Urithi mdogo una kanuni yake nyingine. Tena, mali ya mjane mwenyewe hutolewa kwanza, wala haigawanywi.

Tuseme watoto ni watano. Kila mmoja ana 3/20, na mama yao ana 1/12. Tutagawaje, ikiwa asili, yaani namba za chini, hazifanani? Ni kama kupima unga kwa vikombe viwili visivyolingana.

Basi tafuteni asili moja. Shikeni iliyo kubwa, 20, mkahesabu: 20, 40, 60. Kila mara ulizeni: je, 12 yaingia bila baki? Katika 20, hapana. Katika 40, hapana. Katika 60, ndiyo, mara 5. Hiyo ndiyo asili ndogo kupita zote. Wengine huzidisha 20 kwa 12, wakapata 240. Si uongo, lakini ni kukata shamba vipande vyembamba bila faida.

Sasa 3/20 ni 9/60, na 1/12 ni 5/60. Watoto watano wana 45, wale wengine 15, jumla 60. Hakuna kilichopotea.

Kama ni ng'ombe 60 wa Masisi, kila mtoto apata 9, mjane 5. Kama ni shamba la Walikale lenye upana wa meta 120, kila sehemu ni meta 2: mtoto apata meta 18, mjane meta 10.

Anayemwambia mjane kwamba hana kitu, aonyeshwe hesabu hii. Nanyi wazazi, mfundisheni binti pamoja na kaka yake, ili siku ya kugawa aweze kuhesabu mwenyewe. Mungu, mtetezi wa wajane na yatima, apendezwa na kipimo cha haki.