Ruta Iliyowekwa Ndani Kama Mwali
Kasia la Wiki, na Bin Mikoko

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, shemeji yangu alinichukua nyumbani kwake hapa Mbwara ili nikashuhudie, kwa maneno yake mwenyewe, dhuluma anayofanyiwa na kampuni ya simu. Nami, ambaye sipendi kuitwa shahidi, nilikwenda kwa ajili ya kahawa.

Shutuma yake ilikuwa kwamba intaneti aliyoilipia mwezi mzima haifiki barazani. Nikamwuliza ruta yenyewe iko wapi. Akamwita mkewe, mkewe akafungua pindo la kanga, ukatoka ufunguo, likafunguliwa kabati la vyombo; na humo, nyuma ya masinia mawili na masufuria ya harusi, chini ya kitambaa cha kufuma, kilikuwa kimelala kile kisanduku maskini, kinapepesa vijitaa vyake gizani kama mwali aliyewekwa ndani.

Nilighadhibika, wala sioni haya kukiri. Waifai ni mawimbi ya redio, na bati, chuma na aluminiamu huyarudisha yalikotoka. Kitu kilichostahiki kukaa juu, katikati ya nyumba, mahali peupe, kimesitiriwa kwa taadhima ile ile ambayo kwayo vikombe vya wageni huzeeka kabatini bila kuonja chai. Na kompyuta ya mwanawe i hatua tatu tu kutoka hapo, ilhali waya wa ruta, uwezao kupeleka habari hata mita 100 pasi na kujali sinia wala sufuria, ungali umefungwa katika mfuko wake wa nailoni!

Sisi watu wa Rufiji hatuna udhuru wa kutoijua simu ya upepo, yaani ya mawimbi hayo hayo ya redio. Mwaka 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipokuwa imejificha katika mikoko ya delta, ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Mafia ziliwaelekeza kwa simu hiyo wapiga mizinga wa manowari zao Severn na Mersey, makombora yakaifuata hadi mafichoni, na tarehe 11 Julai habari yake ikaisha. Mawimbi hayo yalitoka angani, hayakutoka kabatini.

Shemeji akanijibu kwamba akiiweka wazi itaibwa. Wallahi, imekwisha kuibwa! Mgongo wa kabati ni mbao nyembamba, nyuma ya mbao pana dirisha, na ng'ambo ya dirisha ni kwa jirani. Na neno la siri ni lile lile la kiwandani, lililobandikwa chini ya kisanduku, ambalo shemeji, siku ya kwanza, alilisoma barazani kwa sauti ya mwadhini.

Tulipotoka, jirani huyo alitusalimu kwa bashasha kubwa, akahimidi Mola kwamba mtandao wa mwezi huu hauna kifani. Nyuma yetu, ufunguo ulikuwa umekwisha kurejea katika pindo la kanga.