Hadithi ya Bibi Nayo ni Somo

Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, na naishi hapa Rahaleo, Mtwara. Nasema wazi: tunawakosea watoto. Tunawaletea Cinderella na kiatu chake cha kioo, lakini hadithi ya asili ya Wamakonde tunaiacha nje ya darasa, eti ni ushirikina.

Hadithi yenyewe mnaijua. Mtu mpweke alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha. Kulipokucha ilikuwa mwanamke. Wakazaa karibu na mto Ruvuma, mtoto akafa. Wakazaa tena Mbwemkuru, akafa. Wa tatu alizaliwa juu, Mahuta, akaishi. Mjerumani Karl Weule aliinukuu katika kitabu kuhusu safari yake ya 1906, na tangu 1909 inasomwa kwa Kiingereza. Wageni wameisoma, watoto wetu bado!

Wako watakaosema mtihani hauulizi hayo. Mtihani unauliza Kiingereza. Siku niliyoisimulia darasani, msichana aliyekuwa hafungui kinywa alinyoosha mkono, akanipinga kwa Kiingereza: bibi yake haisimulii hivyo. Alikosea vitenzi, lakini alisema. Vitenzi tutavisahihisha. Ukimya je?